Kuondoa Mpira na Rangi Kwenye Njia za Ndege Bila Kuharibu Uso Wake

Mwendesha bodaboda yeyote anayebeba abiria kati ya Mahoo na mjini Taveta anajua kwamba mvua ikianza kunyesha, mahali pa kuogopa si lami yenyewe. Ni ile mistari myeupe ya kivuko cha waendao kwa miguu. Lami ina vipele vidogo vinavyoshika mpira wa gurudumu. Rangi imevifunika vipele hivyo, na maji yakikaa juu yake pikipiki huteleza kama iliyokanyaga ganda la ndizi.

Njia za kurukia ndege zina shida hiyo hiyo, ila kwa mwendo na uzito mkubwa zaidi. Mbali na rangi, kuna mpira unaoachwa na magurudumu ya ndege kila inapotua. Vyote viwili huhitaji kuondolewa kila baada ya muda. Wengi hawafikirii kwamba kuviondoa vibaya kunaweza kuharibu njia kuliko vyenyewe vilivyofanya. Ndivyo ilivyo kwa lami na zege, na zaidi kwa mabamba ya kuhamishika, yale yanayotandikwa ardhini pale ambapo hakuna wakati wa kujenga njia ya kudumu.

Kutoka ardhi ya Mbuyuni hadi bamba la alumini

Kaunti hii ilianza kuona ndege mapema. Mwaka wa 1915, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiendelea na Taveta ikiwa mikononi mwa Wajerumani, Waingereza walijenga reli kutoka Voi hadi Maktau na kurusha ndege kutoka hapo. Mapema mwaka wa 1916 kikosi chao cha 26 cha ndege kilikuwa Mbuyuni, upande wa mashariki wa kilima cha Salaita, ambako mapigano makali yalitokea tarehe 12 Februari mwaka huo. Ndege hizo za mbao na kitambaa zilitua kwenye ardhi iliyofyekwa tu, na hazikuhitaji zaidi ya hapo.

Ndege zilipokuwa nzito, ardhi tupu haikutosha, hasa wakati wa mvua. Mwaka wa 1941 jeshi la Marekani lilijaribu mabamba ya chuma yenye matundu karibu na kijiji cha Marston, North Carolina. Kila bamba lilikuwa na urefu wa mita 3 hivi, upana wa sentimita 38 na uzito wa kilo 30, kiasi ambacho watu wawili hubeba bila taabu. Mabamba hayo yaliunganishwa kwa kulabu za pembeni, na njia nzima ya ndege iliweza kutandikwa kwa siku chache. Vita vilipokwisha, watu katika nchi nyingi waliyaokota na kuyageuza kuwa ua, madaraja ya mitaro na milango ya mazizi.

Baadaye likaja bamba la alumini linalojulikana kama AM-2, lenye urefu wa futi 12, upana wa futi 2, unene wa inchi moja na nusu na uzito wa kilo 65 hivi. Ndani lina uwazi, kama kuta za sanduku zilizopangwa bega kwa bega. Wanamaji wa Marekani walilitumia Chu Lai, Vietnam, mwaka wa 1965, na Waingereza wakalitumia kurefusha njia ya ndege ya Stanley katika visiwa vya Falkland mwaka wa 1982.

Kitu kimoja kuhusu bamba hili ndicho kiini cha habari hii yote. Alumini tupu ni laini na huteleza. Kinachoshika gurudumu ni koti lililopakwa juu yake: gundi ngumu ya epoksi iliyochanganywa na chembe kali kama za msasa. Anayeondoa koti hilo akidhani anaondoa uchafu amebaki na bamba safi linalong'aa ambalo ndege haipaswi kutua juu yake.

Mpira hutoka wapi

Ndege inapokaribia kugusa ardhi, magurudumu yake hayazunguki. Ndege kubwa ya abiria hutua ikiwa na mwendo wa karibu kilomita 240 kwa saa au zaidi, na gurudumu lililosimama hugusa uso na kukokotwa kwa sehemu ya sekunde kabla halijaanza kuzunguka kwa mwendo huo. Ule moshi mweupe ambao abiria huuona dirishani ni wa wakati huo. Joto huyeyusha mpira, nao hujipaka juu ya njia kama utando mweusi, kisha hugandamana na kuwa mgumu. Ndege ya pili huongeza wake, na ya tatu pia. Sehemu inayoathirika zaidi ni ile ya mita mia chache tangu mwanzo wa njia, ambapo karibu kila rubani hulenga.

Njia ikiwa kavu, utando huo hauleti shida kubwa. Hatari huja mvua inaponyesha. Vipele vya lami au zege hufanya kazi ya mifereji midogo: gurudumu likipita, maji hupata pa kukimbilia. Utando wa mpira ukijaza nafasi hizo, maji hayana pa kwenda, na gurudumu hupanda juu yake na kuelea.

Kuna hesabu rahisi, iliyotokana na majaribio ya shirika la anga la Marekani, NASA, inayoonyesha mwendo ambao gurudumu huanza kuelea kwenye maji yaliyotuama. Chukua presha ya gurudumu kama inavyosomwa kwenye kipimo cha fundi wa magurudumu, tafuta kipeuo chake cha pili, yaani ile namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hutoa presha hiyo, kisha zidisha kwa 9. Jibu ni mwendo kwa noti, kipimo cha marubani na manahodha. Gari dogo lenye presha ya 36 hupata 9 mara 6, yaani noti 54, sawa na kilomita 100 kwa saa. Dereva wa barabara ya Voi kwenda Taveta anaweza kujipimia mwenyewe hapo. Gurudumu la ndege kubwa lenye presha ya 200 huanza kuelea karibu na kilomita 235 kwa saa, na ndege hiyo hutua kwa mwendo uliopita hapo. Breki haziwezi kusaidia gurudumu ambalo haligusi chini. Kitu pekee kinachomwokoa rubani ni uso wa njia wenye nafasi za kupitisha maji.

Kwa sababu hiyo mwongozo wa mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, unapendekeza upimaji wa mshiko kulingana na wingi wa ndege za jeti. Njia inayopokea chini ya 15 kwa siku upande mmoja hupimwa mara moja kwa mwaka, na ile inayopokea zaidi ya 210 hupimwa kila wiki. Viwanja vidogo vya murram, kama vile vingi vilivyoko ndani ya mbuga za Tsavo, havina tatizo la mpira kabisa, kwa kuwa udongo hutawanyika pamoja na alama za gurudumu. Huko kazi ni kusawazisha mashimo, kufukuza wanyama na kupaka chokaa mawe ya mpaka. Mkazi wa Mahoo anayetaka kuona weusi wa mpira kwenye njia ya ndege anaupata karibu zaidi ng'ambo ya mpaka, katika uwanja wa Kilimanjaro nchini Tanzania, kuliko katika uwanja wa Moi, Mombasa.

Kipimo cha mchanga

Uso wa njia ya zege au lami unaweza kupimwa bila mashine ya bei kubwa. Mpimaji huchukua mililita 25 za mchanga laini mkavu uliochujwa, anaumwaga mahali pamoja, kisha anauzungusha kwa kibao cha mviringo hadi ujaze nafasi zote na kuwa sawa na ncha za vipele. Unatokea mduara, naye hupima upana wake. Ukiwa na upana wa sentimita 20, kina cha nafasi kwa wastani ni milimita 0.8. Ukitanuka hadi sentimita 30, kina ni milimita 0.35 tu.

Njia mpya inatakiwa kuwa na kina cha angalau milimita 1. Kwa mujibu wa mwongozo huo wa FAA, kikishuka chini ya 0.76 mipango ianze ili marekebisho yafanywe ndani ya mwaka mmoja, na kikishuka chini ya 0.25 marekebisho yafanywe ndani ya miezi miwili. Kipimo hiki hufaa kabla na baada ya kusafisha. Mkandarasi akimaliza kazi na mduara wa mchanga ukawa mkubwa kuliko ulivyokuwa kabla, ameondoa mpira pamoja na vipele.

Njia za kusafisha zege na lami

Njia inayotumika sana duniani ni maji yenye presha. Mashine ya kuosha magari pale stendi ina presha ya bar 100 hadi 200 hivi. Mashine za njia za ndege huanzia hapo na kupanda hadi zaidi ya bar 2,500, zikitumia maji machache yanayotoka kwenye midomo midogo inayozunguka. Kwa presha hiyo maji hukata. Mwendeshaji akisimamisha gari lake mahali pamoja kwa sekunde chache, maji hung'oa mchanga mwembamba unaoshikilia kokoto na kuharibu mpira wa kuziba maungio ya zege. Lami mpya huumia haraka zaidi kuliko zege. Ndiyo maana kazi nzuri huanza na kipande cha majaribio pembeni, na presha hupandishwa kidogo kidogo hadi mpira utoke, bila kupita hapo.

Njia ya pili ni dawa. Dawa za zamani zilikuwa na tindikali kali na benzini, na zilisafisha vizuri huku zikiua mimea na kuumiza wafanyakazi. Siku hizi kuna sabuni maalumu zinazooza zenyewe. Humwagwa, huachwa zilowe, husuguliwa kwa brashi zinazozunguka na kuoshwa. Siri ni muda wa kulowa, na hapo ndipo watu wenye haraka huharibu: wanaongeza nguvu ya dawa badala ya kuongeza dakika.

Kuna pia mashine zinazorusha punje za chuma na kuzinyonya tena. Hizo hurudisha ukali wa uso uliolainika, lakini punje moja ikibaki inaweza kunyonywa na injini ya jeti, kwa hiyo sumaku hupitishwa nyuma yake. Kukwangua kwa meno ya chuma ni jambo la mwisho kabisa.

Mabamba yanataka mkono mwingine

Hakuna lolote kati ya hayo linalohamishwa moja kwa moja kwenye bamba la alumini. Presha inayofaa zege hung'oa koti la epoksi na kusukuma mchanga ndani ya maungio, ambapo utakaa ukisaga kila ndege inapopita. Punje za chuma huliacha na mashimo na vipande vidogo vya chuma vilivyojikita ndani yake, na alumini iliyogusana na chuma penye unyevu huliwa haraka.

Hatari kubwa zaidi hutoka kwenye vitu vya kawaida vya karakana. Cha kwanza ni kostiki soda, ambayo mafundi wengi huitumia kutoa rangi kuukuu kwenye chuma. Kwenye alumini huchemka, huila metali yenyewe na kutoa gesi ya haidrojeni inayowaka. Cha pili ni moto wa gesi. Chuma kikipata joto hubadilika rangi na fundi huona. Alumini haitoi ishara hiyo. Nguvu ya bamba hili hutokana na namna lilivyopikwa na kupozwa kiwandani, na joto la zaidi ya nyuzi 200 likikaa kwa muda huipunguza nguvu hiyo. Kwa macho bamba litaonekana zima. Litapinda siku gurudumu litakapolikanyaga. Cha tatu ni brashi ya nyaya za chuma na grinda, ambazo huondoa koti ndani ya dakika moja na kuacha uso laini.

Utaratibu unaofaa ni wa polepole. Kwanza bamba hufagiliwa na kuoshwa kwa maji ya kawaida ili ionekane ni nini hasa kilichoshika: mpira, mafuta, udongo au rangi. Mara nyingi nusu ya weusi ni udongo na mafuta tu. Mpira unaobaki hupakwa sabuni isiyo kali, isiyo tindikali wala kostiki, na huachwa ulowe bila kukauka. Kwenye jua la Taveta maana yake ni kufanya kazi alfajiri au jioni, au kurudia kunyunyiza. Kisha husuguliwa kwa brashi ngumu ya nailoni na kuoshwa kwa presha ya chini, mdomo wa pampu ukiwa wa kutawanya na ukiwa umeinamishwa, mbali na maungio. Kama mpira hautoki mara ya kwanza, hurudiwa. Ukitoka pamoja na chembe za koti, kazi husimama hapo hapo.

Mabamba yana faida moja ambayo lami haina: yanaweza kuinuliwa. Bamba ambalo koti lake limekwisha halina haja ya kuteswa likiwa ardhini. Hutolewa, huwekwa jingine, nalo hupelekwa karakana ambako rangi yote na koti huondolewa kwa kurushiwa punje za plastiki, ambazo ni laini kuliko alumini, kisha hupakwa koti jipya. Mchanga wa mtoni hautumiki kwa kazi ya kurusha. Vumbi lake huingia kwenye mapafu na kuyafanya magumu, ugonjwa usio na tiba.

Mabamba ya zamani ya chuma ni magumu zaidi na yanavumilia brashi ya nyaya. Shida yake ni kutu. Sehemu iliyobaki tupu baada ya kusuguliwa ipakwe rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, hasa kwenye kingo za matundu, ambako kutu huanzia. Mabamba ya nyuzi za kioo na gundi yana adui mwingine: thina na dawa za kutoa rangi hulainisha gundi inayoyashikilia. Baadhi ya dawa hizo zina kloridi ya methilini, kemikali iliyowahi kuua wafanyakazi katika vyumba visivyo na hewa, na ambayo Marekani iliizuia kuuzwa madukani kama dawa ya kutoa rangi mwaka wa 2019.

Rangi: wakati mwingine iachwe

Mpira huondolewa kwa sababu ya mshiko. Rangi huondolewa kwa sababu tatu: imekuwa nene mno, imebanduka, au inasema uongo. Namba zilizoandikwa mwanzoni mwa njia ni mwelekeo wa dira uliofupishwa. Njia ya uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, huitwa 06 upande mmoja na 24 upande wa pili, yaani karibu nyuzi 60 na 240. Sumaku ya dunia husogea pole pole, na baada ya miaka mingi namba hailingani tena na dira. Uwanja wa Stansted nchini Uingereza ulibadilisha zake kutoka 05 na 23 kuwa 04 na 22 mwaka wa 2009. Namba ya zamani haifunikwi kwa rangi nyeusi. Rangi nyeusi hulika, na hata kabla haijalika, jua la jioni likiwa chini namba ya zamani huonekana iking'aa kupitia juu ya mpya. Mafundi wanaochora mistari ya maegesho sokoni wameona jambo hilo hilo.

Lakini rangi iliyoshika vizuri na inayosema kweli haina haja ya kutolewa. Kwenye bamba, sehemu zinazobanduka tu ndizo hukwanguliwa kwa kibao cha plastiki, kisha safu moja nyembamba hupakwa juu, ikiwa imenyunyiziwa chembe kali ili isiwe telezi. Kila safu ya rangi inayoongezwa bila hitaji hufunika vipele zaidi.

Rangi kuukuu, hasa ya njano, inaweza kuwa na risasi. Kenya sasa inaruhusu sehemu 90 tu za risasi kwa kila milioni katika rangi, lakini bamba la miaka ya nyuma halikujua sheria hiyo. Rangi hiyo haisuguliwi ikiwa kavu. Hulowanishwa, wafanyakazi huvaa barakoa za vumbi laini, na nguo za kazi hazipelekwi nyumbani kwa watoto.

Maji machafu yanakwenda wapi

Kwa wakazi wa Mahoo swali hili ni zito kuliko yote yaliyotangulia. Maji yanayotoka kwenye kazi ya kusafisha hubeba vipande vya mpira, vyenye zinki ndani yake, pamoja na mabaki ya dawa na rangi. Zinki na risasi hudhuru samaki na viumbe vya majini hata kwa kiasi kidogo. Ndizi, nyanya na mboga za Taveta hunyweshwa kwa mifereji inayotoka chemchemi kama Njoro Kubwa, na maji ya mto Lumi huelekea Ziwa Jipe. Maji ya kuoshea mabamba yakiachwa yatiririke, yatafika shambani kabla ya kufika popote pengine.

Kwa hiyo mabamba huoshewa juu ya turubai lililoinuliwa kingo au kwenye sakafu ya saruji yenye shimo la kukusanyia. Maji huachwa yatulie, tope la mpira na rangi hukusanywa na kukabidhiwa kwa msafirishaji wa taka mwenye leseni ya NEMA. Kanuni za Ubora wa Maji zinakataza kumwaga uchafu wa namna hiyo kwenye mito, chemchemi na mifereji, na haijalishi kazi ni ya nani.

Kuhusu nani anawajibika, Jedwali la Nne la Katiba limeweka usafiri wa ndege chini ya serikali ya kitaifa, na barabara za kaunti chini ya kaunti. Viwanja vya umma, ukiwemo ule mdogo wa Ikanga mjini Voi, husimamiwa na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Kenya. Usalama wa safari za ndege ni jukumu la Mamlaka ya Usafiri wa Ndege Kenya. Njia zilizoko ndani ya mbuga ziko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Fundi au kikundi cha vijana kikipewa kazi ya kusafisha njia au mabamba, kina haki ya kuuliza mapema uso ule ni wa kitu gani, dawa itakayotumika ina nini ndani yake, na maji yatakusanywa wapi. Asiyepewa majibu hayo asiwashe pampu.